Uliza Mpiga Picha: Kisiwa kina vilima, kamera unayo, uanzie wapi?

Mwezi huu meseji nyingi zinaulizia visiwa. Nadhani ni likizo inakaribia, afu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wa Mwanza wameona kumbe upande wa Sengerema na Geita sio mbali kihivyo, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko nusu siku. Nimechagua maswali machache na nimeyafupisha kidogo tu.

Habari za kazi. Mimi na wenzangu tunakwenda Rubondo kwa mara ya kwanza mwezi wa saba. Nina kamera ya mtumba yenye lenzi mbili, ile fupi iliyokuja nayo na nyingine ndefu ya milimita 300. Tatizo langu nikipiga vilima vinatoka bapa, kilima kinaonekana tuta tu, na wanyama wanatoka weusi. Nifanyeje? — Msomaji, Nyegezi

Salama kabisa ndugu yangu, na hongera kwa kuchagua Rubondo maana wengi wetu tunaijua kwa jina tu wakati hiki kisiwa cha hifadhi ya taifa kiko hapahapa kwetu, Ziwa Victoria.

Kabla ya kamera kijue kisiwa chenyewe. Rubondo ni kirefu na chembamba, kama kilomita 28 kutoka kaskazini kwenda kusini, upana wake ni kati ya kilomita 3 na 10 hivi, sehemu kubwa ni msitu. Sehemu ya juu kabisa ni vilima vya Msasa, mita 1,486 kutoka usawa wa bahari. Sasa sikia, ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 kwa hiyo ukisimama ufukweni kinachobaki mbele ya macho yako ni kama mita 350 tu, ndo maana kwenye picha kinakuwa tuta, na ukichukua ile lenzi fupi ukaifungua pana yote ndo unakimaliza kabisa, maji yanajaa chini, mbingu inajaa juu, kilima kinabaki kamstari katikati. Fanya kinyume. Rudi nyuma, uwe kwenye boti mbali na kisiwa, weka ile lenzi ndefu kwenye 100 au 150, kilima kitajaa fremu yote. Afu tafuta kitu cha kupimia ukubwa, mtumbwi unaopita chini yake, mti mmoja mkubwa, hata mwenzako amesimama kwenye mwamba. Jicho likikosa kitu cha kulinganisha haliwezi kujua kama kile ni kilima au kichuguu.

Ubapa unatoka kwenye mwanga. Kilima kinaonekana kilima pale makorongo yake yanapokuwa na kivuli, na kivuli hakiji kama jua liko mgongoni kwako au utosini. Unataka jua la ubavuni. Kwa kuwa kisiwa kimelala kaskazini–kusini, asubuhi jua linapiga ufukwe wa mashariki na jioni wa magharibi, kwa hiyo ukitaka umbo la vilima usisimame ukawa umekitazama kisiwa uso kwa uso, simama mahali ambapo ufukwe unakimbia kutoka kwako kuelekea kaskazini au kusini, jua likupige shavuni, utaona kila mkunjo wa kilima umejitokeza wenyewe bila hata kugusa mashine.

Na uwahi aisee. Huku karibu na ikweta jua linapanda wima. Mwezi wa saba linachomoza saa moja kasoro dakika chache asubuhi na kuzama saa moja kasoro dakika chache jioni, ile rangi ya dhahabu haifiki hata saa nzima, ikifika saa mbili asubuhi mwanga umeshakuwa mkali. Watu wanakwenda hifadhini wanakunywa chai taratibu mpaka saa tatu afu wanalalamika picha mbaya. Chai itakusubiri. Faida nyingine ya asubuhi ni ziwa limetulia, upepo kwa kawaida unaamka mchana na mawimbi yake, na kwenye boti inayoruka hakuna lenzi ndefu itakayokupa picha kali. Mchana wote tumia kwa kulala, kufuta picha mbovu na kuchaji betri.

Kuhusu wanyama kutoka weusi, hiyo ni kamera inadanganywa na mwanga wa nyuma. Tumbili au mbega yuko juu ya tawi, nyuma yake mbingu nyeupe, kamera inaona mwanga mwingi inafunga, mnyama anakuwa kivuli. Ongeza mwanga mwenyewe, kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peleka +1 au zaidi, mbingu itaungua na iungue tu, wewe hukuja kupiga mbingu. Kwa tai mla samaki ni kinyume chake, kichwa cheupe pee na msitu mweusi nyuma, kamera inafungua sana kichwa kinakuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja, hapo punguza -1. Rubondo hao tai ni wengi kwelikweli, utawasikia kabla hujawaona, kwa hiyo utapata nafasi ya kujifunza. Akiruka spidi ya kamera kupiga isipungue 1/1600 ya sekunde. Ndani ya msitu ni habari nyingine, giza, pandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, mpaka 3200 bila woga, picha yenye chengachenga inatazamika, iliyotikisika haitazamiki.

Mnyama ambaye ningekuomba umtafute ni nzohe, swala wa kwenye matete na majimaji. Huyu ni mwenyeji wa asili pale, hakuletwa, na kisiwa hakina simba wala chui kwa hiyo anatoka kwenye matete bila wasiwasi kama wa sehemu nyingine. Asubuhi na mapema kaa pembeni ya majimaji, kaa chini kabisa, lenzi iwe usawa wa tumbo lake. Angalia kwato zake, ndefu na zimepanuka, ndo zinamfanya atembee kwenye tope bila kuzama. Picha ya kwato tu kwenye tope naweza kuipenda kuliko picha ya mnyama mzima.

Sokwe wapo pia, wana historia yao. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 waliokuwa wamefugwa Ulaya, kazi iliyoongozwa na Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, wakaachiwa kisiwani, na hawa wa leo ni wazao wao, wanaishi porini kabisa wanajitafutia. Kwa hiyo usiende na akili ya kwamba utawakuta wamekaa wanakusubiri, unaweza kutembea milimani siku nzima ukasikia kelele tu. Ukiwa na mafua baki kambini, magonjwa yetu yanawaua. Barakoa vaa, flashi zima, na umbali usiwe chini ya mita 10 hata kama wao wenyewe wamesogea, wewe ndo urudi nyuma.

Ukiweza piga kambi mahali pamoja. Sehemu moja nzuri yenye maji na mti mkavu, ukirudi pale asubuhi, jioni na asubuhi tena, itakupa picha kuliko kuzunguka kisiwa kizima.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, hela ya kwenda mbali sina na kamera sina, nina simu tu. Nifanyie wapi mazoezi? — Msichana wa Malimbe

Marahaba mdogo wangu. Mbona uko mahali pazuri kuliko wengi! Panda daladala nenda mjini, teremka Kapripoint, chukua boti ya Tanapa, shirika la hifadhi za taifa, uende kisiwa cha Saanane, ni dakika chache tu majini. Beba kitambulisho chako cha taifa, Mtanzania analipa kiingilio cha shilingi, hakilingani na cha wageni. Kile kisiwa kilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, tangu 1964, na 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, ndo ndogo kuliko zote tulizonazo, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yake. Udogo huo kwa mtu wa simu ni baraka maana kila kitu kiko karibu.

Nenda moja kwa moja kwenye mawe ukamtafute mjusi wa mawe, dume. Wageni wanamwita Spaidamani kwa zile rangi zake, kichwa mpaka mabegani ni wekundu wa waridi unaong'aa, mwili na mkia ni bluu. Jike ni kahawia, usimdharau. Sasa huyu dume asubuhi kukiwa na baridi rangi imefifia, yuko mzito, amejibana kwenye ufa. Jua likishapiga jiwe anatoka, analala tumbo chini, na ukimtazama kwa makini utaona rangi inapanda taratibu. Akishapata moto anapanda juu ya jiwe refu anaanza kutikisa kichwa juu chini, juu chini, anawaambia wenzake hapa pana mwenyewe. Picha ndo hiyo.

Namna ya kumpata kwa simu: usimwendee umesimama. Lala chini au kaa, jisogeze kidogokidogo na usimame kila akikugeukia, wala usimtupie kivuli chako maana kivuli ni mwewe kwake, atapotea. Tumia lenzi ya simu yenyewe ya kukuza kama ipo, ya mara mbili au tatu, usivute kwa vidole mpaka mwisho, ile inakata picha tu. Gusa kichwa chake kwenye kioo ushikilie mpaka fokasi ijifunge, afu teremsha mwanga kidogo kwa kidole, mawe yetu ya Mwanza ni ya kijivu na yanarudisha mwanga sana, ukiacha simu iamue yenyewe ule wekundu unachujuka. Na ufute kioo cha kamera kabla ya yote, jasho la mfukoni limeharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu.

Ukimaliza mjusi kuna pimbi, swala pala, na juu ya mawe unauona mji wote na ziwa. Ukikosa kabisa hela ya kiingilio nenda ufukweni karibu na lile jiwe la Bismarck jioni, wale ndege, mnandi wanaokausha mabawa na yangeyange, hawalipishi mtu.

Nasafiri na meli kwenda Bukoba kusalimia wazazi. Kila mwaka najaribu kupiga kisiwa cha Musira na lile genge lake la mawe, inatoka ukungu mtupu, kijivu. Simu ni nzuri tu. — Mama wawili, Buzuruga

Mama wawili, simu haina kosa. Ni vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi na mvuke wa ziwa, na kadiri unavyovuta kutoka mbali ndo unaukusanya wote ndani ya picha. Subiri siku iliyofuata mvua, hewa inakuwa imeoshwa. Meli ikikaribia Bukoba asubuhi toka nje mapema, jua litakuwa nyuma yako au ubavuni, piga ukiwa karibu kadiri inavyowezekana. Ila genge lile mimi nakushauri ulipige jioni ukiwa ufukweni mjini Bukoba, jua likielekea magharibi linaligonga mbele, mawe yanawaka rangi. Na nisalimie wazee.

Habari za leo mwanangu. Mimi nina boti Nkome, nabeba watu wa kutembea. Hawa wapiga picha wananipa shida. Wananilazimisha nisogee kwenye vile visiwa vidogo ndege wanakotagia, nipige injini ili waruke wote pamoja apate picha, na wengine wanataka nitupe samaki tai ashuke. Nikikataa wanasema wamelipa. Niwaambieje? — Mzee wa boti

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kuandika, na nasema wazi wewe ndo uko sahihi, wao wamekosea.

Wakikuuliza kwa nini, waeleze hivi. Ndege akiatamia hapa kwetu kazi yake sio kuyapa mayai joto tu, mchana anayakinga na jua. Ukimwamsha saa sita mchana akaruka, mayai na vifaranga visivyo na manyoya vinabaki kwenye mwamba unaochoma, haihitaji muda mrefu vinakufa. Na wakati wenyewe wako angani wanapiga kelele, kunguru, mwewe na kenge wanajua hiyo ni nafasi yao. Mtu anaondoka na picha ya ndege mia angani anafurahi, hajui nyuma yake kumetokea nini, wewe unayepita pale kila wiki ndo unayajua.

Kuna dalili ambazo wewe unazijua kuliko mimi ila wafundishe na wao wazione. Ndege ametulia, anajichokonoa manyoya, huyo hana habari na nyie. Akiacha alichokuwa anafanya akanyoosha shingo, hapo mmefika mwisho, zima injini. Akisimama kutoka kwenye kiota mmeshapita, rudi nyuma. Ukizima mapema boti ikaelea yenyewe, baada ya muda anarudi kujichokonoa, na mpiga picha anayejua kazi anapata picha za ndege akilisha, akinyoosha bawa, akigombana na jirani. Hizo za kuruka kwa hofu zote zinafanana, miguu inaning'inia na wote wamekupa mkia.

Samaki wa kutupa kataa. Ndani ya hifadhi kulisha wanyama hairuhusiwi, na nje ya hifadhi tai akizoea boti atafuata hata ya mtu mwenye nia mbaya. Anayetaka tai akishuka majini aje asubuhi, akae karibu na mti anaoupenda tai, asubiri. Tai anavua mwenyewe kila siku.

Ushauri wangu wa kibiashara, sema masharti yako ukiwa bado nchi kavu kabla hujapokea hela: umbali nauamua mimi, injini nazima mimi, jaketi okozi anavaa kila mtu mpaka tunarudi hata kama linaziba mkanda wa kamera. Asiyetaka atafute boti nyingine. Wapo wapiga picha wengi, mimi mmoja wao, tunaotafuta mwenye boti wa namna yako na hatumpati kirahisi.

Drone naweza kwenda nayo Rubondo au Saanane? — Kijana wa Igoma

Bila kibali hapana. Kurusha drone nchini kuna utaratibu wake wa mamlaka ya anga, na hifadhini lazima Tanapa nao wakubali, kwa matembezi ya kawaida usijisumbue. Ile sauti yake inavuruga ndege vibaya sana.

Lenzi yangu imeota kama nyuzinyuzi ndani, fundi anasema ni fangasi wa unyevu wa ziwa. Ni kweli? Na nizuieje? — Fundi simu, Kirumba

Ni kweli kaka, fundi hajakudanganya. Fangasi anapenda giza, unyevu na hewa iliyosimama, na begi la kamera lililofungwa chini ya kitanda kwenye nyumba ya karibu na ziwa lina vyote vitatu. Lenzi ikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, sio kimoja. Na uitumie, lenzi inayotoka nje mara kwa mara haioti. Ukirudi kutoka msituni au umenyeshewa usiifungie palepale, ikauke kwanza kwenye hewa. Iliyokwisha kuota ipeleke ikasafishwe mapema maana fangasi akikaa sana anakula ile rangi ya juu ya kioo na hapo hakuna dawa, na usiiweke begi moja na nzima.

Usiku nikiwa Ukerewe kwa bibi naona taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani mpaka mbali, inapendeza sana lakini simu inanipa vidoti vinavyotetemeka. Inawezekana kweli? — Msomaji, Nansio

Inawezekana na ni moja ya picha ninazozipenda kuliko zote za ziwa hili. Kwanza uangalie mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa sababu taa ndo inawavuta, mwezi mpevu ukiwaka wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo nenda siku za mwezi kuandama. Panda kilimani, sio ufukweni, ukiwa chini taa zote zinajipanga mstari mmoja, ukiwa juu zinatawanyika unaona mpaka zile za mbali kabisa.

Anza mapema, dakika ishirini thelathini baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado ina bluu, maana usiku ukishakolea unapata taa na weusi tu, kilima na maji havionekani. Simu iegemeze kwenye jiwe au uibane kwenye stendi, weka hali ya usiku, weka taimaa ya sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise. Mwenye kamera ISO 400, sekunde 4 mpaka 8. Ukizidisha sana mitumbwi inayumba na mawimbi, kila taa inakuwa kamstari, wengine wanapenda hivyo, mimi napenda doti.

Siku hizohizo za mwezi mwandamo ndo wale wadudu wadogo wa ziwani wanaibuka kwa mamilioni, mchana utawaona wamesimama juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa, na hao nao wapige, wanapendeza sana jua likiwa nyuma yao. Lakini upepo ukiwaleta nchi kavu usithubutu kubadilisha lenzi nje, watajaa ndani ya kamera, na tochi yako iweke mbali na mahali uliposimamisha kamera maana wanakuja kwenye mwanga wote. Pia mwambie bibi unakwenda kilima gani na utarudi saa ngapi, na uende na mtu wa pale anayejua njia ya kushukia gizani.